Mama Futi Apimwa Macho

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Futi. Jina lenyewe halikuhitaji kikao. Ile futi ya kupimia haitoki shingoni mwake; huenda nayo sokoni, huenda nayo msibani, na kaka yangu anaapa kwamba usiku wa harusi yao ndiyo ilikuwa ya mwisho kuvuliwa. Mimi ni msusi, na naishi kwao. Tumepanga chumba kimoja cha biashara tukakigawa kwa pazia: upande wake cherehani, pasi na marobota ya vitambaa, upande wangu kioo, viti viwili na harufu ya mafuta ya nywele. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Mengine niliyasikia kupitia pazia, na mengine nilikwenda mwenyewe kuyachungulia.

Mama Futi ana ugomvi mmoja na binadamu, nao ni wa watu wanaobana tumbo wakipimwa. Mtu mzima mwenye wajukuu, akiona futi inamzunguka kiunoni, anavuta pumzi mpaka mbavu zinahesabika. "Pumua, baba," atamwambia. "Mimi sishonei picha, nashonea mtu." Asipopumua, Mama Futi anasimama vile vile na futi yake mkononi, anaanza kuzungumzia bei ya vitunguu, mpaka pumzi zinamwishia yule mtu na tumbo linarudi mahali pake.

Basi mtu huyo mwenye ulimi huo, anayezungusha pini kwenye shingo za watu kutwa nzima, kuna kitu kimoja alichokuwa anakiogopa kuliko kifo, na kitu hicho ni macho yake mwenyewe.

Tangu utotoni haoni mbali. Kiganja akikiweka karibu na uso anakiona vizuri. Mkono ukinyooka, vidole vinaanza kupotea. Vioo vya miwani yake ni vinene kama vitako vya chupa. Kwa kazi alizoea lenzi za kuvaa machoni, zile ngumu, ndogo kuliko kifungo cha shati. Kila asubuhi alisimama mbele ya sinki la nyuma ya duka, akazitia moja moja, akapepesa, akaja kukaa kwenye cherehani. Miaka ikaenda hivyo. Kisha macho yakaanza kuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha matangani, na daktari wa macho akamwambia yamezichoka hizo lenzi. Kuyanyoosha kwa mionzi haiwezekani, maana uso wa jicho lake ni mwembamba mno. Lililobaki ni kumwekea lenzi ndani ya jicho, nyuma ya ile sehemu yenye rangi, mbele ya lenzi aliyozaliwa nayo. Ikiingia, inakaa humo humo.

"Lakini lazima ikukae sawasawa," daktari akasema. Nilikuwepo, nimekaa kando yake kama mpambe. "Ikiwa ndogo mno, italegea na kuigusa lenzi yako ya asili, ikuletee mtoto wa jicho. Ikiwa kubwa mno, itabana. Maji ya ndani yatakosa njia, na presha ya jicho itapanda. Ndiyo maana kabla ya kuagiza tunapima sehemu ya mbele ya jicho, upana wake na kina chake."

Daktari aliendelea kueleza, ila najua wifi yangu hakusikia lingine. Lilimwingia neno moja tu, presha.

Mama yake mzazi alipofuka kwa presha ya macho. Mimi nilimkuta katika hali hiyo: bibi mwembamba, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na kabla hujabisha hodi ameshakuita. Alitujua wote kwa nyayo. Wageni walikuwa wanasifu, eti Mungu akichukua hiki hukupa kile. Binti yake hakuwahi kusifu. Yeye ndiye aliyekuwa anamwona mama yake akipapasa meza nzima kutafuta kikombe kilicho mbele yake, na akikipata anatabasamu ili watu wasimwonee huruma.

Daktari alitoa sharti moja. Kabla ya kupimwa, wiki kadhaa Mama Futi asivae zile lenzi ngumu hata mara moja. Zinaubonyeza uso wa jicho, kama kofia inavyoacha alama kwenye nywele, na jicho linahitaji muda kurudia umbo lake. Ukilipima likiwa limebonyea, unapima umbo la lenzi, hupimi jicho. Mama Futi akaitikia kwa kichwa. Kwa mtu mwenye vita na wanaobana tumbo, nilidhani hilo halihitaji kuelezwa mara mbili.

Akarudi kwenye miwani. Siku zile kulikuwa na kazi kubwa mezani, gauni la bibi harusi pamoja na suti ya baba wa bibi harusi. Miwani ile inaonyesha katikati tu. Pembeni mstari ulionyooka unapinda kama mkia wa mbuzi. Asubuhi moja nikasikia mkasi unakata, halafu ukanyamaza. Nikafunua pazia. Alikuwa ameshika satini nyeupe mikono miwili, na mkono mmoja wa gauni ulikuwa umekatwa mshazari. Hakulia wala hakulaani. Akakikunja kile kipande taratibu, akakiweka chini ya meza, akaniambia kitambaa kingine kipo.

Baada ya hapo mishono yake ikanyooka tena. Na mimi, mjuaji wa mtaa, nikampongeza. "Naona umeshaizoea miwani."

"Kuzoea ni kazi," akasema.

Kila nilipofunua pazia, mkono wake ulikuwa unashusha miwani kutoka kichwani kuja machoni. Sikujiuliza.

Siku ya kupimwa tulikwenda wawili. Kaka yangu alisingizia kazi, lakini ukweli ni kwamba akiona sindano anazimia. Chumba cha vipimo kilikuwa kidogo na chenye giza, mashine imewekwa juu ya meza, ina mahali pa kuegesha kidevu na mkanda wa kuegemeza paji la uso. Mpimaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kola iliyopigwa pasi barabara, anayeongea kama kuna mtoto amelala chumbani. Wifi yangu aliitazama ile kola kwa heshima.

"Unapima mara ngapi?" akamuuliza.

"Mara tatu kila jicho, Mama. Na nikishapata namba naifunika kwa kadi, isije ikanivuta nikaipenda. Mwisho ndipo naziangalia pamoja."

"Vizuri," akasema, lakini sauti ilikuwa nyembamba.

"Lenzi zako ulishaacha kuvaa?"

"Nimeacha."

"Ameacha kabisa," nikadakia. "Mimi ni shahidi."

Akaweka kidevu. Taa ikawaka, miduara ya mwanga ikatokea kwenye jicho lake, na mpimaji akamwambia atazame katikati asipepese. Mkono wake ukanitafuta nyuma ya kiti. Niliupata, na kucha zake zikaniingia. Kwenye skrini ya pembeni jicho lake likatokea kubwa kama sahani, na mistari inalikata kutoka ukingo mmoja wa rangi hadi mwingine, na picha nyingine inalionyesha limekatwa ubavuni ili kina chake kionekane. Namba ikatokea. Mpimaji akaifunika. Akapima tena, akafunika. Akapima tena.

Alipoinua kadi alikunja uso. Akarudia upya jicho lile lile. Halafu akamtia dawa ya ganzi, akachukua kipimo cha chuma chenye ncha mbili, kama bikari ya shuleni.

"Utakiona kinakuja, Mama, ila hutasikia kitu."

"Hiyo ya kukiona kinakuja ndiyo mbaya," akasema, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka juu ya mdomo.

Ncha zikasimama kwenye jicho lake, moja huku, moja kule. Mimi niliangalia sakafu. Na hakuna aliyekuwa ananipima mimi.

"Macho yako leo hayatulii," mpimaji akasema hatimaye. "Unatetemeka sana. Pumzika, unywe maji, tutarudia." Wakarudia. Mwishowe akapata namba alizoona zinakubaliana kiasi cha kutosha, akaziandika, na lenzi ikaagizwa. Njiani kurudi nyumbani Mama Futi aliizungusha futi yake vidoleni mpaka tukafika. Nikajua ni woga. Nilikuwa sijajua ni woga wa nini.

Lenzi ikafika. Siku ya upasuaji ikapangwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu wakati baba wa bibi harusi alipokuja kujaribu suti yake.

Mimi nilikuwa nasuka mteja. Nyuma ya pazia nikasikia pumzi za mtu anayepambana na kifungo, kisha sauti yake ya malalamiko. "Mama Futi, koti hili ni la mtoto wa shule. Umenipimaje?"

"Baba, ulibana tumbo."

"Mimi?"

"Wewe. Nikakuambia pumua, ukaniambia umeshapumua. Ulidhani unanidanganya mimi? Koti silivai mimi! Unayebanwa ni wewe. Mtu unakuja kupimwa, halafu unakificha kile kile ulichokuja kup..."

Sauti ikakatika. Nikasubiri imalizie, maana Mama Futi hajawahi kuacha matusi nusu. Kisha nikasikia mkasi unawekwa mezani, na kitu kinachofanana na kwikwi.

"Mama Futi, usilie," mzee wa watu akasema, amebabaika. "Tumbo ni langu. Nitakula kidogo."

Nilimwacha mteja wangu na nusu kichwa. Nikamsindikiza mzee mlangoni, nikarudi. Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye sakafu kati ya vipande vya nguo, na miwani juu ya kichwa. Macho yake, mekundu, yalikuwa yananiangalia moja kwa moja kutoka upande wa pili wa chumba. Ananiona. Bila miwani, kutoka pale, ananiona!

"Umevaa lenzi," nikasema.

"Kila siku ya kazi. Na asubuhi ile ya kupimwa nilizivaa, nikazivulia chooni hospitalini."

Nilimpigia kelele. Mimi nikiogopa ndivyo ninavyokuwa, napiga kelele. Nikamuuliza kama ana wazimu, kama anajua keshokutwa wanamwekea nini, kama anakumbuka mwenyewe daktari alisema nini kuhusu kubwa na ndogo. Nikamtupia na methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Aliniacha nimalize.

"Wiki ile ya kwanza nilizivua kweli," akasema. "Miwani ilikuwa inaniumiza kichwa, kwa hiyo jioni nyumbani nikawa naiweka pembeni, nakaa tu. Jioni moja nikasikia mtu anaingia nikamwambia, 'Kaka yako amerudi mapema leo.' Nilikuwa nakuambia wewe. Ulikuwa umekaa kando yangu, hukumbuki. Nilimjua kwa nyayo, wifi, kama mama. Kabla hajasema neno." Akafuta pua kwa kipande cha bitana. "Nikajua nimeshaanza. Asubuhi nikaenda kwenye sinki."

Nilikaa naye pale chini, na mteja wangu akaja kuchungulia kwenye pazia na nusu ya kichwa chake imesimama, akatuona, akarudi kukaa.

Siku ya pili yake tulikuwa kwenye kile chumba cha giza. Njia nzima alikuwa ananiambia watatufukuza, watamwandika kwamba ni mwongo, hakuna daktari atakayemgusa tena. Alikiri yote, na mpimaji alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa sauti ile ile ya kutomwamsha mtoto, "Ulizivua saa ngapi siku ile?"

"Nikiwa hapo nje. Kabla hujaniita."

Akakaa. Akavua miwani yake akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kumwona yeye anaogopa kuliniogopesha kuliko yote. "Namba zilikataa kukubaliana," akasema. "Niliziona. Nilipaswa kukurudisha nyumbani siku ile. Nikakuona unavyotetemeka, nikakuonea huruma, nikasema ni woga tu."

Mama Futi akafungua mkoba, akatoa kile kikopo kidogo cha lenzi, akakisukuma juu ya meza. "Kaa nacho wewe. Nikikaa nacho mimi, nitazivaa."

Upasuaji ukaahirishwa. Wiki zilizofuata ndizo alizokuwa anazikimbia, na sasa alizipitia zote. Koti la mzee na kazi nyingine zote zilikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wake, ambaye Mama Futi husema hashoni, anaunganisha. Yeye mwenyewe alikaa upande wake wa pazia akitoa mishono kwa kupapasa, akibandua vifungo, kazi za kufanya mikono isikae bure. Jioni alikaa nyumbani karibu na mlango. Nilimwomba akae kwenye kochi. Akasema hewa ni nzuri pale. Kaka yangu alianza kuingia huku anakohoa tangu getini, anaimba, anapiga mluzi, ilimradi mkewe asipate nafasi ya kumtambua kwa nyayo. Hakuna aliyemfundisha hilo. Usiniulize nilivyojisikia kumwona mwanamume mzima anaimba nyimbo za watoto uani ili mkewe asiogope.

Mimi nami nilifanya langu, la aibu. Nilikuwa na sherehe, sina fundi, nikavuka barabara. Gauni lilitoka la kijani, na nikajiambia kwamba asiyeona haulizi.

Tulirudi kupimwa. Akaweka kidevu mwenyewe, akafumbua macho, na safari hii hakunitafuta mkono. Namba ikatokea, ikafunikwa. Ya pili, ikafunikwa. Ya tatu. Mpimaji alipoinua kadi, namba zilikuwa zinalingana kama ndugu wa tumbo moja. Alizilinganisha na zile za kwanza kwa muda mrefu.

"Ile iliyoagizwa ilikuwa kubwa kwa saizi moja," akasema.

"Ingeingia?" Mama Futi akauliza.

"Ingeingia."

"Halafu?"

Mpimaji akaweka kadi chini. "Halafu tungekuwa tunangoja presha."

Wifi yangu alishuka kwenye kiti taratibu, akaegemea ukuta. Nilimshika kiuno kumzuia asianguke, na moyo wake niliusikia mpaka kwenye mkono wangu. Ya mbele yalikuwa bado kabisa, na ndiyo kwanza alikuwa anayaogopa yaliyopita.

Walianza na jicho la kulia. Kaka yangu na mimi tulikaa kwenye benchi la nje bila kutazamana. Alipotolewa alikuwa na kifuniko cha plastiki jichoni, amechoka, anauliza kama nimefunga duka. Alilala hospitalini. Kaka yangu hakufunga jicho usiku ule, na asubuhi alishindwa kabisa kuinuka kitandani. Nikavaa gauni la kwanza nililoshika, nikaenda peke yangu.

Nilipofika kwenye korido, muuguzi alikuwa ananitafuta. Kifuniko kimeshatolewa, akasema, lakini mgonjwa amekataa kufumbua macho.

Niliingia. Alikuwa amekaa kitandani, amefumba macho yote mawili kwa nguvu mpaka uso umekunjamana. Daktari amesimama upande mmoja, na mlangoni yuko mpimaji, ambaye kazi yake haikuwa pale.

"Huyo ni wifi yangu," Mama Futi akasema kabla sijafungua mdomo. "Mguu wa kushoto anauburuza."

"Fumbua, Mama," daktari akasema.

"Na nikifumbua nikakuta giza?"

Daktari akaanza kusema kwamba kila kitu kilikwenda vizuri, presha iko sawa, lenzi imekaa mahali pake. Mama Futi alikuwa anatikisa kichwa. Mikono ilikuwa imeshika shuka, na kifua kimejaa, hakishuki. Alikuwa amebana pumzi. Nilimtazama vile, na kitu pekee kilichonijia mdomoni ni kile nilichokisikia kupitia pazia miaka yote hiyo.

"Pumua, wifi," nikamwambia. "Hapa hawapimi picha, wanapima mtu."

Akacheka kidogo, na pumzi zikamtoka zote kwa pamoja, na katika kutoka huko macho yakafumbuka.

Alinitazama usoni, kisha shingoni, kisha akashuka polepole mpaka miguuni, akapandisha tena. Nilikuwa nimesimama mwisho wa chumba, karibu na mlango.

"Nani amekushonea hilo gauni?"

Nikalivuta gauni chini.

"Pindo limepanda upande wa kushoto," akasema. "Na bega la kulia limevutwa. Umevuka barabara, wifi. Mimi niko gizani, wewe unavuka barabara."

"Nisamehe," nikasema, nikapiga hatua kwenda kwake. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, na mkono wake ulikuwa umeinuliwa kunizuia.

"Usisogee," akasema. "Kaa hapo hapo mbali. Nataka kukuona kutoka hapa."